Mont-Saint-Michel kwa siku moja na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunakaa Rennes, na kila kiangazi ndugu wakija kututembelea safari ya kwanza wanayoitaka ni ya kisiwani. Ngazi zile nimezipanda na mtoto mgongoni, na mama mkwe mkononi, na safari moja na shemeji aliyekuja na viatu vya harusi. Maswali huwa ni yale yale, basi majibu yangu haya hapa.

Mont-Saint-Michel ni nini hasa?

Ni mwamba uliosimama peke yake ndani ya ghuba, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, pale mto Couesnon unapoingia baharini. Chini umezungukwa na ukuta wa ngome, katikati kuna kijiji ambacho kwa kweli ni mtaa mmoja, na juu kabisa kuna abasia. Waliosoma au kutibiwa Ndanda au Peramiho hawahitaji kufafanuliwa neno hilo: ni monasteri kubwa inayoongozwa na abati, na wamonaki walioijenga hii walikuwa Wabenediktini, kama wa huko. Ila hawa walichagua kujenga juu ya ncha ya jiwe, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

UNESCO iliuweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Wanaolala kule mwaka mzima kama wakazi ni watu 30 hivi. Wanaokuja kutazama na kuondoka huhesabiwa kwa mamilioni.

Uko Normandie au Bretagne?

Normandie. Hii ni mikoa miwili jirani, na ukiwa Rennes, ambayo ni Bretagne, usilitamke jibu hilo kwa sauti kubwa. Mpaka ulifuata mto, na Wabretoni wana msemo wao kwamba Couesnon ulishikwa na wazimu, ukahama, ukauacha mlima upande wa Normandie.

Tumeona picha kisiwa kimezungukwa na maji. Mbona jirani yetu alikwenda akakuta mchanga mtupu?

Hili ndilo swali kubwa. Sisi pia lilitukuta.

Mara ya kwanza kumpeleka mama mkwe, mzaliwa wa Tanga, tulifika saa tano asubuhi. Akashuka kwenye basi, akashika kiuno, akatazama kulia, akatazama kushoto. Matope ya kijivu mpaka upeo wa macho, na kijito chembamba kikijikunja katikati. Akaniuliza, "Bahari yenu imekwenda wapi?" Nikaanza kueleza mambo ya programu ya simu na jedwali la maji. Hakunisikiliza. Akauliza swali moja tu: "Mwezi una siku ngapi leo?" Tukahesabu: nane au tisa. Akacheka. "Basi haya maji mafu. Mmenipandisha ndege mpaka Ulaya mkanileta pwani siku ya maji mafu."

Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeangalia hali ya hewa, bei ya basi na saa za kufungua mlango, mwezi sikuuangalia. Ajabu ni kwamba mtu wa pwani yetu ana msamiati wote wa safari hii mdomoni mwake. Kuna maji kujaa na maji kupwa, kila siku mara mbili. Kuna bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Na kuna maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari ikiwa mvivu. Kanuni ni ile ile ya Tanga na Lamu. Vipimo ndivyo vinavyotisha. Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 4. Ghuba hii hufika karibu mita 14, na maji yakitoka huenda zaidi ya kilomita 10 mbali na ufuko. Siku za maji mafu hayafiki mwambani kabisa, hata yakijaa.

Kwa hiyo jirani yako hakudanganywa na picha. Alikwenda siku isiyo yake.

Basi twende siku gani?

Wafaransa huipa kila siku namba ya nguvu ya maji, kati ya 20 na 120, nayo huandikwa kwenye jedwali pamoja na saa za maji kujaa. Ukitaka kuona mwamba umezungukwa, tafuta namba kuanzia 110 hivi. Bamvua za namna hiyo hazitokei kila mwezi. Kubwa zaidi huangukia karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Hapa maji hufikia ukubwa wake siku moja na nusu hadi mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu, kwa hiyo usiende siku yenyewe ya mwezi mpevu ukalalamika.

Jambo ambalo matangazo ya safari hayasemi kwa sauti: siku za bamvua kubwa, maji hapa hujaa asubuhi mapema na tena jioni. Saa sita mchana, wakati mabasi ya watalii yamejaa, huwa yamepwa kabisa. Mtu wa safari ya siku moja anayefika saa nne na kuondoka saa kumi anaweza kuchagua siku kubwa kuliko zote za mwaka na bado asione tone. Inabidi kubaki mpaka jioni.

Na kama tarehe zako haziwezi kubadilika? Nenda tu. Mchanga nao una uzuri wake, na abasia haipwi.

Tunaweza kutembea mchangani na watoto?

Kuuzunguka mwamba kwa karibu, maji yakiwa yamepwa na saa ya kujaa mnaijua, watu hufanya hivyo. Lakini kuvuka ghuba, au kwenda Tombelaine, kile kisiwa kidogo kinachoonekana upande wa kaskazini, hapana, msiende bila kiongozi mwenye kibali. Kuna matope yanayomeza mguu hadi gotini, na ukiuvuta kwa nguvu ndivyo yanavyozidi kukushika.

Utasikia kila mtu akisema kwamba maji huja kwa kasi ya farasi anayekimbia. Ni chumvi. Mara nyingi huja kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Ila hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele kama unavyotegemea. Huingia kwanza kwenye mifereji, yanapita pembeni, yanakuzunguka kwa nyuma, na ukigeuka unakuta njia uliyokuja nayo imeshakuwa mto.

Tukiwa Paris, inawezekana kwenda na kurudi siku moja?

Inawezekana, lakini ni siku ndefu. Treni ya kasi kutoka Paris Montparnasse hadi Rennes ni kama saa moja na nusu, kisha basi la saa moja na dakika kumi hivi. Kwa gari ni saa nne kwenda tu. Ukiwa na watoto chini ya miaka sita, ningekushauri ulale Rennes au Saint-Malo ili safari ianze kwa utulivu.

Angalia sana basi la kurudi. Siku moja tulijidai tuna muda, tukasimama kupiga picha, tukakuta foleni ndefu ya basi dogo la kututoa kisiwani. Tulipofika kituoni, basi letu la Rennes lilikuwa linakata kona. Watoto walilipungia mkono.

Tunaishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya. Tunahitaji viza?

Ndiyo. Kibali cha kukaa Uingereza hakikuruhusu kuingia Ufaransa. Unahitaji viza ya Schengen, na watoto wenye pasipoti hizo pia. Ukiishi kihalali Ubelgiji, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen, kadi yako ya ukaazi pamoja na pasipoti vinatosha.

Gari tunaegesha wapi?

Bara, kilomita mbili na nusu hivi kutoka mwambani, kwa malipo. Kutoka hapo kuna mabasi madogo ya bure, kuna gari la kukokotwa na farasi la kulipia, na kuna miguu yako. Basi linakushusha mita mia chache kabla ya lango.

Zamani magari yalifika mpaka ukutani, juu ya tuta lililojengwa mwaka 1879. Tuta lile lilizuia mikondo, mchanga ukajaa, na kisiwa kikaanza kugeuka kilima kwenye majani. Ndipo likajengwa lango jipya la maji mtoni mwaka 2009: linapokea maji yakijaa, linayashikilia, kisha linayaachia yasukume mchanga kurudi baharini. Mwaka 2014 likafunguliwa daraja linalosimama juu ya nguzo nyembamba, na tuta likabomolewa. Kwa maoni yangu tembeeni angalau upande mmoja. Mwamba unakua polepole mbele yenu, jambo ambalo kwenye basi lililojaa, ukiwa umeangalia kwapa la mtu, hulioni.

Kiingilio ni kiasi gani?

Kuingia kisiwani na kijijini ni bure. Unalipia abasia tu, na watoto wa chini ya miaka 18 wakiwa na familia hawalipi. Bei ya watu wazima hubadilika kwa msimu, kwa hiyo itazame kwenye tovuti rasmi na ununue huko huko kabla ya kwenda, kwa sababu tiketi huwa na saa yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, ni bure kwa wote. Tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba pamefungwa.

Kuna ngazi ngapi? Bibi yetu ataweza?

Kutoka langoni hadi abasia ni zaidi ya 300, na ndani kuna za kupanda na kushuka nyingine. Lifti ya wageni hakuna. Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika kisiwani kwa basi na kuona sehemu ya chini, lakini abasia kwa ujumla haimfai.

Mzee anayetembea vizuri ataweza akipewa muda. Mama mkwe tulimpumzisha kwanza katika kanisa la parokia, Saint-Pierre, katikati ya mlima. Nje ya mlango kuna sanamu ya Jeanne d'Arc, msichana shujaa wa Ufaransa aliyepigana na Waingereza, na ndani kuna viti na ubaridi mzuri. Tulipumzika tena juu ya ukuta wa ngome, akanunua maji, akatoa maoni kuhusu bei yake, tukaendelea. Ilichukua saa nzima, na hakuna aliyetukimbiza.

Na mtoto mchanga?

Kigari kiache kwenye buti. Abasia hawakiruhusu, na mawe ya mtaani yatakivunja magurudumu kabla hujafika. Khanga mgongoni ndiyo dawa. Wazungu waliobeba vigari vyao mikononi walitutazama kwa wivu usiofichika.

Nani alijenga, na kwa nini pale?

Watoto hupenda mwanzo wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 708 Malaika Mkuu Mikaeli alimtokea ndotoni Aubert, askofu wa Avranches, akamwagiza ajenge mahali pa sala juu ya mwamba. Aubert akadhani ni ndoto tu. Malaika akarudi. Aubert akapuuza tena. Mara ya tatu malaika akamgusa kichwani kwa kidole mpaka mfupa ukatoboka, na hapo askofu akaamka na kuanza kutafuta mafundi. Fuvu lenye tundu linatunzwa hadi leo katika kanisa la Saint-Gervais mjini Avranches. Mwanangu wa kiume alitaka twende huko moja kwa moja, abasia isubiri.

Wabenediktini waliletwa mwaka 966 na mtawala wa Normandie, Richard wa Kwanza. Kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1023, na hapa ndipo ufundi unapostaajabisha: ncha ya mwamba haikutosha kubeba kanisa la urefu wa mita 80, kwa hiyo walijenga vyumba vya chini pande zote kuzunguka ncha, kama mtu anayepanga matofali chini ya meza inayoyumba, kisha wakalaza kanisa juu yake. Haikushika kila mara. Ukuta wa kaskazini ulianguka mwaka 1103, na sehemu ya altare ikaporomoka mwaka 1421, katikati ya vita na Waingereza.

Waingereza wenyewe hawakuweza kuuteka mwamba katika vita vyote vile. Mwaka 1434 waliacha mizinga yao miwili wakakimbia, na mizinga hiyo bado iko pale pale mnapoingilia. Watoto wote huingiza kichwa. Wangu pia.

Watoto wanasema kanisa moja na jingine ni sawa. Tuwaonyeshe nini?

Wapeni kazi. Kwenye uwanja mpana wa mawe mbele ya kanisa, kabla hamjaingia, waambie watafute herufi na namba zilizochongwa sakafuni. Ni alama za mafundi: kila mmoja alitia yake kwenye mawe aliyochonga ili ahesabiwe na kulipwa. Binti yangu alipiga magoti akazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka mlinzi akaanza kumwonyesha nyingine alizokuwa hajaziona. Uwanja wenyewe zamani ulikuwa ndani ya kanisa. Sehemu hiyo ilibomolewa baada ya moto wa mwaka 1776.

Kisha ua wa ndani wa wamonaki, ghorofa ya juu ya jengo waliloliita Merveille, yaani Ajabu, lililojengwa kati ya mwaka 1211 na 1228. Nguzo zake nyembamba zimepangwa safu mbili, lakini hazitazamani. Kila moja inasimama kwenye pengo la mwenzake, kwa hiyo ukitembea zinaonekana kama zinasogea. Upande mmoja kuna matao matatu yaliyo wazi juu ya utupu, na chini bahari. Yalikuwa milango ya ukumbi ambao haukujengwa kamwe. Jirani yake ni ukumbi wa kulia chakula, wenye mwanga laini usiojua unatoka wapi, mpaka ukisogea ndipo madirisha membamba yanapojitokeza ukutani, moja moja.

Ni kweli palikuwa jela?

Kweli. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa wamonaki waliondoka na abasia ikawa gereza mpaka mwaka 1863. Utaona gurudumu kubwa la mbao, refu kuliko mtu mara kadhaa. Wafungwa waliingia ndani yake wakatembea bila kufika popote, na kwa kutembea kwao kamba ikavuta mizigo ya chakula juu ya njia ya mawe iliyosimama kama ukuta. Chungulieni dirishani pale, lakini mshikeni mtoto mkono.

Gereza, kwa namna yake, ndilo lililookoa jengo. Abasia nyingi za Ufaransa ziligeuzwa machimbo ya mawe wakati huo. Wamonaki walirudi kwa sherehe ya miaka elfu mwaka 1966, na tangu 2001 wako watawa wa kiume na wa kike wa jumuiya ya Yerusalemu.

Sisi ni Waislamu. Tutakuwa na tatizo?

Hapana. Abasia ni mali ya serikali, na wageni wa kila dini wanaingia. Kukiwa na misa, sauti chini na simu mfukoni. Mama mkwe, na ushungi wake, alitazama ile sanamu ya dhahabu kwenye ncha ya mnara, iliyowekwa mwaka 1897 na mchongaji Frémiet, akauliza ni nani. Nikamwambia. "Mikaili?" akasema. "Huyo tunamjua."

Tule wapi, na tule nini?

Mkiweza, bebeni chakula. Mkae juu ya ngome upande wa mbali na mtaa mkuu, na mkiwa na kitu mkononi msipepese macho: shakwe wa pale ni majambazi. Mmoja alichukua kitumbua chote, na karatasi yake.

Chakula maarufu ni omleti. Mama mmoja, Annette Poulard, alifungua nyumba ya wageni mwaka 1888, na husimuliwa kwamba mahujaji walifika saa yoyote kulingana na maji, wenye njaa, akahitaji kitu cha haraka. Mayai hupigwa kwenye bakuli la shaba kwa mdundo unaousikia ukiwa barabarani, kisha hupikwa kwenye moto wa kuni mpaka yanavimba kama povu. Simama ulisikize lile dundo, ni bure. Tulipokula omleti ya namna hiyo katika mgahawa mmoja wa mtaani, bei yake ingetosha kununua trei kadhaa za mayai, na tukatoka bado na njaa.

Chakula cha bei ya kawaida ni galeti, chapati za maji za unga mweusi, zenye yai na jibini. Zingine huwekwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Kome wa huku ni watamu. Pombe ya tofaa huletwa mezani kwa vikombe kama vya chai. Msidanganyike na vikombe.

Tuepukeje msongamano?

Fikeni mapema, kabla ya saa tatu, au baada ya saa kumi. Mkiingia langoni, watu wote watasonga mbele kwenye mtaa mkuu, kati ya maduka ya sumaku za friji. Ninyi kamateni ngazi za ukutani mkono wa kulia. Mtafika juu kwa upepo wa bahari.

Na nguo: hata Julai, chukueni sweta. Upepo ule hauna kiangazi.

Mama mkwe aliwahi kuiona bahari?

Alirudi Septemba, mwaka uliofuata. Tarehe alichagua mwenyewe, kutoka Tanga, kwa simu, bila jedwali lolote. Mimi nilihakikisha kwenye jedwali: 113.

Tulipanda ukutani jua likishuka. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu ukatokea uzi mweupe upande wa Tombelaine, mwembamba kama mkunjo wa shuka, na baada yake sauti, kama mtu anayekokota gunia la mchele sakafuni. Mifereji ikaanza kung'aa. Kijito kilichokuwa kikishuka kikasita, kikageuka, kikaanza kupanda. Watu waliokuwa wakiongea wakanyamaza. Ndani ya saa moja mchanga wote ulikuwa umekwenda na maji yalikuwa yanapiga mawe chini ya miguu yetu.

Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta, ushungi ukipepea. Akasema, "Haya. Sasa mmenileta pwani." Kisha akauliza basi la mwisho ni saa ngapi.